Kufunga bikoni ya dharura kwenye mashua ya mbao

Wateja wangu wa Deep Sea, hapa Tanga, wakinunua bikoni, kile kifaa kinachorusha ishara ya kuomba uokozi baharini, hutaka nitoboe na kufunga papo hapo. Drili husubiri.

Hatua ya 1: Usajili. Kwenye kifaa kuna namba yenye herufi na tarakimu 15. Bikoni ikiwashwa huirusha kwa masafa ya 406 MHz, kila baada ya sekunde 50 hivi, kwenda setilaiti za Cospas-Sarsat, mtandao wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji. Jina la chombo na simu ya nyumbani kwako havimo humo. Vimo kwenye daftari la usajili. Namba hiyo pia hubeba msimbo wa nchi, na wa Tanzania ni 674 au 677. Ukinunua mtumba wa Ulaya, msimbo ubadilishwe kwanza, la sivyo waokoaji watakutafuta kwenye daftari la ugenini nawe unaelea mkondo wa Pemba. Utaratibu waulize TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli.

Hatua ya 2: Mahali. Lipo kasha la bikoni linalojifyatua lenyewe na kuiachia likizama kati ya mita 1.5 na 4. Kwa meli ya chuma ni zuri mno. Mashua ya mbao ikizidiwa na kusi hupinduka na mara nyingi hubaki juu ya maji, kasha lisifike kina hicho. Ndiyo maana mimi hupendelea kishikio cha kuchomoa kwa mkono, kwenye tezi, karibu na usukani, mbali na tanga na kamba zake. Ile kamba nyembamba ya bikoni ni ya kufunga kwenye jaketi la kuokolea. Ukiifunga kwenye chombo, kikizama kinaondoka nayo.

Hatua ya 3: Jaribio. Kitufe cha TEST, mara moja kwa mwezi. Soma na tarehe ya betri. Usiiwashe kweli kuwaonyesha jamaa. Ikiwaka kwa bahati mbaya, izime na utoe taarifa mara moja.

Hatua ya 4: Siku ya siku. Iwashe, iache ielee, antena itazame juu. Usiizime ili kubana betri, kwani hudumu angalau saa 48, na waokoaji wakikaribia hufuata ishara yake ya pili ya 121.5 MHz. Yenye GPS huonyesha ulipo kwa tofauti ya mita 100 hivi; isiyo nayo, kilomita 5. Ongeza hela, chukua yenye GPS.

Ikichakaa, itolewe betri kabla ya kufika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bikoni huweza kuita waokoaji hata ikiwa jalalani.