Kufuatilia Kesi ya Guka Wakati wa Mau Mau: Jina Lisikudanganye

Familia nyingi zinazonijia huwa na maneno mamoja: "Tuliambiwa guka (babu kwa Kigikuyu) alihukumiwa na Wazungu." Baada ya hapo kila mtu ana lake. Mmoja anasema alinyongwa, mwingine anasema alifia kambi ya kizuizini ya Manyani, na shangazi anaapa kwamba alirudi akaoa mke wa pili.

Kabla ya hatua zenyewe, nikiri kosa langu. Nilipomtafuta ndugu ya babu yangu, nilipata faili ndani ya siku mbili: jina lake, jina la baba yake, hata wilaya yake. Nikapiga simu nyumbani, watu wakalia. Wiki mbili baadaye nikausoma ukurasa niliokuwa nimeuruka, na hapo shahidi alikuwa amemtaja mke wa mshtakiwa na watoto wake wanne. Wetu hakuwahi kuoa. Tangu siku hiyo sipigi simu kabla ya hatua ya tano.

Hatua ya 1: Alishtakiwa, au alizuiliwa tu?

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na watu wengi sana waliowekwa kambini hawakuwahi kusimama mbele ya jaji. Kwa wazee wetu yote yalikuwa "jela", kwa hiyo usiulize "alifungwa wapi?" Uliza kama kulikuwa na jaji, kama kulikuwa na mkalimani, kama kuna mtu wa nyumbani aliyeenda kusikiliza. Ukisikia kwamba aliwekwa miongoni mwa "weusi" au "kijivu", hayo ni madaraja ya kambi za kizuizini. Faili ya kesi huenda haipo. Kilichopo ni amri ya kumzuilia. Angalia tu kwamba wapo waliopitia yote mawili: walifungwa kwa kesi, na kifungo kilipoisha wakapelekwa kambini.

Hatua ya 2: Pata mwaka

Wazee hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio. Waulize kama alikamatwa kabla au baada ya mauaji ya Lari (26 Machi 1953), msako mkubwa wa Nairobi ulioitwa Anvil (ulianza 24 Aprili 1954), watu kuhamishiwa vijijini kwa lazima (kuanzia katikati ya 1954), au kukamatwa kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni (21 Oktoba 1956). Maswali manne hayo yanatosha kukupunguzia miaka ya kupekua.

Hatua ya 3: Liandike jina kwa sura zake zote

Hapa usiharakishe. Kwa desturi ya Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake. Ndugu watatu wakiwa na wana, boma moja linapata Kamau watatu, na kinachowatofautisha ni jina la baba tu. Vuka mto uende mtaa wa pili, utakuta Kamau wa Njoroge mwingine kabisa.

Katika karatasi za korti, "wa" huandikwa "s/o", na kwa mwanamke "d/o". Karani aliandika alivyosikia. Herufi ĩ na ũ hazikuwa kwenye taipureta yake, kwa hiyo Gĩthĩnji anaweza kuwa Githinji au Gethinji, Mũgo akawa Mogo, na Gacheru akaandikwa Gaceru. Ongeza jina la ubatizo, na la msituni kama alikuwa nalo. Waruhiu Itote wengi walimjua kama Jenerali China. Orodha yangu ya kawaida kwa mtu mmoja huwa na sura nane hadi kumi.

Majina ya mahali nayo tafuta yale ya wakati ule: Murang'a iliandikwa Fort Hall, Nyahururu ikawa Thomson's Falls.

Hatua ya 4: Tafuta

Anzia nyumbani kwako. Matoleo ya zamani ya Gazeti Rasmi la Kenya yamo kwenye Google Books, na humo yalichapishwa majina ya watu walionyang'anywa haki za ardhi kwa sheria ya 1953. Kama shamba la familia lilichukuliwa, anzia hapo. Tovuti ya Kenya Law ina hukumu za zamani, pamoja na za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki.

Kisha nenda Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Uliza mezani kuhusu kibali cha msomaji, halafu omba orodha ya MLA 1. Hizo ni faili za Wizara ya Sheria za kesi za hukumu ya kifo. Zimebaki kwa sababu hakuna aliyenyongwa kabla gavana na baraza lake kuipitia kesi, kwa hiyo karatasi zilikusanywa pamoja: mwenendo wa kesi, maoni ya jaji, uamuzi wa gavana. Mahakama maalumu za Hali ya Hatari zilisikiliza kesi za watu zaidi ya 2,600 kati ya 1953 na 1956. Waliopewa hukumu ya kifo ni 1,574, na waliopelekwa kitanzini kwa makosa ya Mau Mau ni 1,090. Aliyeachiliwa ni vigumu zaidi kumpata. Huyo mtafute kwenye magazeti: East African Standard, na Baraza lililoandikwa kwa Kiswahili.

Kule Kew, London, kwenye Nyaraka za Kitaifa za Uingereza, tafuta mafungu ya faili CO 822 na FCO 141. Hii ya pili ni ile shehena iliyotolewa Kenya wakati wa uhuru na kufichwa, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ilipoifichua mwaka 2011. Orodha yake unaipekua bure mtandaoni, lakini humo mna zaidi mambo ya serikali kuliko ya mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 5: Mpime

Jina lililingana? Liweke kando. Tafuta mambo matatu mengine yanayolingana: lokesheni na jina la chifu, namba ya kipande (kitambulisho cha enzi ya ukoloni), majina ya wake au ndugu, kazi, kovu. Umri usiutegemee. Aliye chini ya miaka 18 hakuweza kunyongwa, kwa hiyo umri ulibishaniwa, na mara nyingine daktari aliitwa kukadiria.

Hatua ya 6: Soma polepole

Utakuta "Mimi nilikuwa shambani" kwa Kiingereza safi. Si sauti ya guka hiyo. Alisema kwa Kigikuyu, mkalimani akageuza, jaji akaandika kwa mkono alichokipata. Linganisha maneno yake na ya mashahidi, hasa pale wanaposimulia alivyokamatwa: bunduki ilikuwa mkononi, au ilikuwa kichakani hatua kadhaa kutoka kwake? Kuwa na silaha au risasi kulitosha kumnyonga mtu.

Na kabla ya kusambaza picha za kurasa hizo kwenye kundi la WhatsApp la familia, angalia orodha ya mashahidi wa serikali. Wengi walikuwa ngati, yaani walinzi wa nyumbani waliokuwa upande wa serikali, wa mtaa uleule. Mimi humwita kwanza mzee mmoja wa nyumba ile, namsomea majina hayo tukiwa wawili, namuuliza ni nani kati yao amezaa na nani.