Vuta ncha A, halafu nyamaza

Hapa Kadutu, Bukavu, nina kompyuta moja kwa wanafunzi 52. Inatosha kufundishia jumla ya pembe za pembetatu. Pakua GeoGebra, programu ya kuchorea maumbo ya jiometri, mapema, maana ikishaingia haidai intaneti, na ujaze betri usiku. Umeme haufuati ratiba ya masomo.

Chora pembetatu ABC, pima pembe zote tatu. Angalia mpangilio wa kubofya: ukizigusa nukta kinyume, itakupa 300° badala ya 60°. Mimi iliniaibisha mbele ya darasa zima.

Sasa wanafunzi waandike daftarini wanachotabiri kuhusu pembe ncha A ikivutwa, la sivyo wanatazama sinema tu. Mwite mmoja avute ncha A. Wewe nyamaza. Pembe zinapanda, zinashuka, jumla inabaki 180°. Wiki iliyopita msichana wa nyuma alivuta mpaka pembetatu ikalala kama uzi, akauliza: “Mwalimu, hii bado ni pembetatu?”