Rili za kuvulia: angalia mshipi unatokaje kabla hujatoa hela

Wadau habari za saa hizi. Hapa Moshi vijana wanaoanza kuvua kwa fimbo wamekuwa wengi na kila wiki naulizwa ninunue rili gani (rili ni kile kifaa kwenye fimbo cha kuzungushia mshipi), halafu mtu akifika Memorial kwenye mitumba anabeba ile inayong'aa zaidi, akifika majini inamshinda anasema uvuvi mgumu. Uvuvi sio mgumu, amechukua rili isiyo yake. Naandika taratibu, mwenye swali atauliza chini.

Hatua ya 1: ielewe spuli

Spuli ni kile kigurudumu kinachobeba mshipi. Fanya hivi nyumbani, chukua kigurudumu cha uzi wa cherehani, kisimamishe mezani, uvute uzi kwa juu. Unatoka kwa mizunguko mizunguko na kigurudumu kimetulia hakigeuki. Hiyo ndo rili aina ya spiningi. Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo kule Bradford, ndo alisajili rili ya namna hii mwaka 1905, na ukishaona uzi unavyotoka hapo mezani utaelewa wazo alilitoa wapi.

Sasa pitisha penseli katikati ya kigurudumu hichohicho, shika penseli kwa ncha zote mbili, mwenzio avute uzi kwa nguvu halafu aache ghafla. Umeona? Yeye ameacha kuvuta lakini kigurudumu bado kinazunguka, uzi unamwagika wenyewe unajikunja. Hiyo ndo rili aina ya beitikasta, spuli yake inazunguka, na hilo ndo tatizo lake lote.

Hatua ya 2: jua ipi ni ya nani

Spiningi inaning'inia chini ya fimbo, ina kiwaya kama upinde unakifungua, unaushika mshipi kwa kidole cha shahada, unatupa, unaachia. Hata chambo chepesi inatupa vizuri. Kwa perege na kambale wa maji yetu huku hii inakutosha kabisa, na kama ndo unaanza mimi sitakushauri nyingine.

Beitikasta inakaa juu ya fimbo na unaiongoza kwa dole gumba. Ina nguvu, inalenga vizuri, inapenda chambo kizito. Mimi nilinunua ya mtumba nikaenda nayo bwawa la Nyumba ya Mungu bila kuijua, nikatupa mara ya kwanza tu kuelekea upepo, chambo kikapunguza mwendo hewani ila spuli ikaendelea na kasi ileile, mshipi ukafura ndani ya rili kama kiota cha ndege, nikakaa kwenye jiwe toka saa tatu asubuhi mpaka saa saba nafumua, mwisho nikakata mita kama 40 nikatupa. Iliniuma sana siku ile, nauli imeenda na siku imeenda. Dawa yake ni hii: ning'iniza chambo, bonyeza kitufe cha kuachia, kaza ile nati ya pembeni mpaka chambo kishuke polepole na kikigusa chini spuli isimame palepale. Halafu ukitupa, dole gumba liiguse spuli kabla chambo hakijatua majini.

Ipo pia ya kitufe, mshipi umefichwa ndani ya kofia, unabonyeza unaachia, rahisi sana ila inabeba mshipi kidogo. Ya nzi, yaani ya kutupia chambo bandia cha mfano wa nzi, ni ya kuvulia samaki aina ya trauti, kazi yake kubwa ni kutunza mshipi. Zile kubwa kama kopo la rangi ni za baharini, huku utabeba uzito wa bure.

Hatua ya 3: kuvisha mshipi

Funga mshipi kwenye spuli, laza chini kile kigurudumu ulichonunulia, ubane mshipi kwa kitambaa chenye maji, zungusha hendeli kama mara 20 halafu legeza. Ukijisokota, geuza kigurudumu upande wa pili uendelee. Kwenye spiningi usijaze mpaka ukingoni, bakiza milimita 2 au 3.

Hatua ya 4: breki

Hapa ndo samaki wengi wanapotea. Breki inamruhusu samaki avute bila kukata mshipi. Mshipi wa kuhimili kilo 5, funga ncha kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta, breki ianze kuachia kwenye kilo moja na robo hivi, yaani robo ya nguvu ya mshipi. Ukimaliza kuvua ilegeze.

MASWALI

Mdau wa Usa River: Mkuu hizi namba 1000, 2500, 4000 ni nini?
Jibu: Ukubwa wa rili kaka. Namba ikipanda spuli inakua, ila kampuni hazifanani sana. Perege chukua 2000 au 2500, kambale mkubwa 4000.

Baba wa Himo: Dogo wangu ana miaka 8 anataka kuvua na mimi.
Jibu: Mpe ya kitufe, akizoea umhamishe spiningi.

Binti Tengeru: Shikamoo mzee, spiningi yangu mshipi unajisokota kila siku.
Jibu: Marahaba mwanangu. Nadhani unaendelea kuzungusha hendeli wakati samaki anavuta na breki inaachia, hapo kila mzunguko unausokota mshipi. Akivuta, acha hendeli. Na kile kiwaya kifunge kwa mkono, usikifunge kwa kuzungusha hendeli.

Kijana wa Majengo: Me natumia mkono wa kulia ila hendeli iko kushoto, wameniuzia ya mashoto?
Jibu: Hapana, iko sawa, kulia unashika fimbo kushoto unazungusha. Ukitaka kuhamisha, spiningi nyingi unafungua kifuniko cha upande wa pili unachomoa hendeli unahamishia huko. Beitikasta haihamishwi. Fanyia kazi hiyo nyumbani mezani, kile kifuniko kikidondokea mchangani hukipati tena.