Laptopu inapodai kwamba haina betri

Wengi wetu hapa Lubumbashi huligundua tatizo hili umeme unapokatika: laptopu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kwenye chaja huzimika papo hapo, na umeme ukirudi, alama ya betri huwa na msalaba mwekundu na ujumbe kwamba hakuna betri iliyotambuliwa. Usikimbilie dukani. Betri iliyochakaa kwa kawaida huendelea kuonekana, ila haikai na chaji. Isiyoonekana kabisa ni ile iliyoacha kuwasiliana na mashine, na mara nyingi mawasiliano hayo hurudi bila kununua kitu.

Kwanza iweke laptopu juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba, au padi ya kugusia ikiwa imeinuka, betri imevimba: zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, na umpelekee fundi.

Kama haijavimba, izime kabisa, wala si kuilaza tu (veille), chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutolewa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe na chipu inayosimamia chaji ianze upya. Baadhi ya Lenovo na Acer zenye betri ya ndani zina tundu dogo la kazi hiyo hiyo chini ya mashine, ambamo unaingiza pini nyembamba na kubonyeza polepole.

Tatizo likibaki, chunguza kabla Windows haijafunguka, kwa maana hapo ndipo utakapojua kosa liko upande gani. Katika Dell nyingi, kitufe cha F2 hufungua BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, ambayo huonyesha hali ya betri. Katika HP, F2 hufungua programu ya uchunguzi yenye kipimo cha betri. Betri ikionekana huko, kosa ni la Windows: fungua Gestionnaire de périphériques (Device Manager kwa Kiingereza, orodha ya vifaa vya mashine), ingia kwenye Batteries, ondoa mstari wa betri wenye neno ACPI, kisha uwashe mashine upya, nayo itaurudisha yenyewe.

Isipoonekana hata huko, angalia soketi ambamo betri huungana na mashine. Betri ya laptopu haina nyaya mbili tu za chanya na hasi. Ina pia nyaya nyembamba za kupeleka taarifa na joto, na ukikatika mmoja tu, mashine huona kama hakuna kitu. Mimi niliwahi kununua betri mpya bure, kumbe vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limejaa katikati ya meno ya soketi, na jino moja lilikuwa limeanza kuota kutu ya kijani. Brashi laini ya meno, iliyokauka, na alkoholi kidogo yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi vilitosha. Acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri.

Betri iliyokaa miezi mingi bila chaji inaweza kushuka hadi chipu yake ikajifunga kwa usalama. Iache kwenye chaja ya asili kwa saa kadhaa. Fundi akipima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) na kuona sifuri, asiitupe kwa haraka, kwa sababu betri nyingi hazitoi umeme mpaka waya wa kutambuliwa uguse mashine. Njia ya hakika ni kuijaribu kwenye laptopu nyingine ya aina hiyo hiyo. Anayependekeza kuzichaji seli zilizo ndani ya betri moja kwa moja kwa nyaya, mkatalie.