Somo: Kujifunza ambu ya kichanga kwa simu

Assalaam aleykum wenzangu wa leba. Kujifunza ambu, ule mfuko wenye barakoa wa kumsukumia hewa kichanga asiyepumua, mie natumia programu ya simu iitwayo Safe Delivery App, ya shirika la Maternity Foundation la Denmark. Ni ya bure, na ukishaipakua video zinafunguka bila bando. Ipakueni mkiwa mjini Chake Chake, penye waifai, kabla ya kurudi vituoni.

Kwanza, tazameni wawili wawili video ya mtoto asiyepumua. Mara ya pili isimamisheni kila hatua, ambu mkononi.

Pili, kagueni kifaa. Ziba barakoa kwa kiganja, minya mpaka valvu ifunguke. Hewa ikivuja pembeni, ambu hiyo isikae leba.

Tatu, ndipo penye kazi. Barakoa namba 1 ni ya mtoto aliyetimia, 0 ya njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati. Ianzie kidevuni, ifunike mdomo na pua, isifike machoni. Kichwa kilale nyuma kidogo tu. Ukikipindua sana unaziba njia ileile unayotaka kuifungua. Gumba na kidole cha shahada vibane barakoa, kidole cha kati kivute kidevu juu. Minya taratibu, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, na macho yako yasitoke kifuani. Wengi wetu tunaangalia mfuko. Mfuko haukwambii kitu, kifua ndicho kinachosema.

Nne, mwenzako akurekodi kwa simu ukifanya kwenye mwanasesere wa mazoezi, kamwe si kwa mtoto wa watu. Kwangu hii inashinda hata video yenyewe, maana utaona barakoa ikinyanyuka shavuni na mkono wako haukuhisi chochote.

Maswali

*Dada, kifua kisipopanda?*
Weka kichwa upya, kisha barakoa. Angalia uchafu mdomoni, mfungue mdomo kidogo, halafu ongeza nguvu ya kuminya.

*Kituo chetu hakina mwanasesere.*
Azimeni hospitali ya wilaya. Yule wa mazoezi aitwaye NeoNatalie hujazwa maji, ana uzito wa kichanga na kifua chake kinapanda. Mdoli wa dukani utakufundisha kukaa kwa vidole tu.

*Naweza kufungua video mtoto yuko mezani?*
Hapana, mwanangu. Hewa inatakiwa iingie ndani ya dakika 1 tangu azaliwe. Wakati huo simu ikae mfukoni, uite msaada.

*Nimemaliza maswali yote ya kwenye programu. Bado nirudie?*
Rudia. Mkono unasahau upesi kuliko kichwa. Sisi tunafanya dakika chache mwanzo wa zamu, kila mtu kwa zamu yake, na anayefuata ndiye anayerekodi.