Kabla Hujanunua Chupa ya Mtoto

Likizo ya uzazi kwa mama aliyeajiriwa ni siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Mama wa dagaa pale mwaloni Kirumba hana hata hizo. Kwa hiyo wengi wetu hapa Mwanza tunarudi kazini mtoto akiwa hajafika miezi mitatu, ilhali kliniki inatuambia maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Hapo ndipo chupa inapoingia nyumbani. Anza kuiwaza mapema, usingoje likizo iishe ndipo upite Makoroboi kuchukua yoyote utakayoikuta.

Jiulize kwanza kama unaihitaji. Sheria ya kazi inamtaka mwajiri ampe mama muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Ukikaa Nyamanoro na kazi iko mjini, unaweza kurudi mchana mara moja. Maziwa uliyoyakamua mtoto anaweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo, hata akiwa kichanga: anapakatwa akiwa ameinuka, kikombe kinagusa mdomo wa chini, naye analamba mwenyewe bila kumiminiwa. Mwombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe. Kikombe hakina kona za kuficha uchafu, na kwa nyumba ambayo maji ni ya shida, mimi ningekichagua kabla ya chupa yoyote.

Ukiamua chupa, ichague kwa macho ya mtu atakayeiosha. Ifungue palepale dukani. Je, mdomo ni mpana kiasi cha brashi kuzunguka vizuri hadi kwenye kitako? Ina vipande vingapi? Mafuta ya maziwa hung'ang'ania kwenye mizingo ya shingo na chini ya ile pete inayoshika chuchu, na baada ya siku chache utasikia harufu kabla hujaona kitu. Chupa za mirija na vali za kuzuia gesi zinavutia, lakini kila tundu ni sehemu nyingine ya kusuguliwa. Ile nyoofu, yenye vipande vitatu au vinne, ndiyo ya kununua. Zile za maumbo ya wanyama ziache.

Geuza kitako uangalie pembetatu. Namba 5 au herufi PP ni plastiki inayovumilia kuchemshwa. Yenye namba 7 na herufi PC iache: plastiki hiyo huwa na kemikali ya BPA, na Ulaya ilipiga marufuku chupa zake za watoto mwaka 2011, Marekani mwaka 2012. Isiyo na alama yoyote usiichukue, hata kwa bei ya kutupa. Kioo ni kizuri sana ila kina uzito, na sakafu ya saruji haikisamehe.

Kagua pia mistari ya mililita. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, pima maji mara tano, mimina: yafike kwenye 50. Kwa mtoto anayetumia maziwa ya kopo jambo hili ni kubwa, maana maziwa mepesi humdhoofisha na mazito humletea shida tumboni. Unga wenyewe una uwezekano wa kuwa na vijidudu, hivyo maji yawe yamechemka na bado ya moto, nyuzi 70 au zaidi. Korogea kwenye chombo cha kioo au cha chuma, yakipoa ndipo uyatie kwenye chupa, kwa sababu plastiki ikipata moto huachia chembechembe ndani ya maziwa.

Kwa chuchu, anza na ile ya tundu dogo. Ukiinamisha chupa, maziwa yadondoke tone kwa tone, yasichuruzike. Usitoboe kwa sindano. Kila siku ivute uitazame kwenye mwanga. Ikinata au ikipasuka, itupe.

Maji yetu mara nyingi hukaa kwenye ndoo na madumu kabla ya kutumika, kwa hiyo chemsha hata yaliyotoka bombani. Ila maji ya ziwa yaliyogeuka kijani yasiguse chombo cha mtoto kabisa, kwa kuwa sumu ya ule ukijani haiondoki kwa kuchemsha.

Idadi ya chupa iendane na milo utakayokuwa haupo. Zikiwa nne, dada wa nyumbani anachemsha mara moja asubuhi: sufuria ya kazi hiyo tu, kila kipande kimezama bila kiputo cha hewa ndani, dakika 10 kifuniko kikiwa juu. Maziwa ya mama yakikaa nje yasizidi muda wa saa nne, ya kopo muda wa saa mbili, na yaliyobaki mtoto akishanyonya yamwagwe. Mwambie dada wazi kwamba hutamgombeza kwa maziwa aliyomwaga, na afanye kazi yote hiyo mbele yako siku kadhaa kabla hujarudi kazini.