Somo: kupima vigawo vya namba yenye tarakimu 21 kwa kalamu na karatasi

Juzi kwenye tuisheni yetu ya jioni hapa Kirumba niliandika ubaoni 147,573,952,589,676,412,927. Ni 2^67 − 1, yaani 2 sitini na saba zikizidishwa pamoja, kisha utoe 1. Kijana mmoja wa kidato cha pili akaweka kalamu chini kabla sijauliza swali lolote. Somo hili namwandikia yeye, na kila anayedhani namba ndefu haigusiki.

Tutakachotumia ni baki. Wavuvi wakigawana samaki mwaloni sawa kwa sawa, wale wanaosalia kwenye kapu ndio baki. Kapu likiwa tupu, umepata kigawo.

Hatua ya 1. Tarakimu ya mwisho. Vipeo vya 2 huishia na 2, 4, 8, 6, kisha vinarudia. 67 gawanya kwa 4 inabaki 3, kwa hiyo 2^67 inaishia na 8. Toa 1, unapata 7. Basi 2 na 5 si vigawo.

Hatua ya 2. Usijaribu kila namba. Kwa kuwa 67 ni namba tasa (haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe), kila kigawo tasa cha 2^67 − 1 lazima kibakize 1 ukikigawanya kwa 134, yaani 2 × 67. Anza na 135: hiyo si tasa, iache. Inayofuata ni 269, nayo ni tasa.

Hatua ya 3. Pima 269. Hapa nenda taratibu, ndipo penye utamu. Zidisha baki kwa yenyewe, kisha ondoa 269 zote zilizomo.
2^8 = 256, yaani imepungua 13 kufika 269.
2^16: 13 × 13 = 169.
2^32: 169 × 169 = 28,561, baki 47.
2^64: 47 × 47 = 2,209, baki 57.
2^67: 57 × 8 = 456, baki 187.
Toa 1, inabaki 186. Kapu si tupu, 269 si kigawo. Na hukuandika namba yoyote iliyozidi 28,561!

Mwanahisabati Mersenne wa Ufaransa aliihesabu namba hii kuwa tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Lucas, akathibitisha si tasa, bila kuwa na kigawo hata kimoja mkononi. Jambo hilo hunishangaza mpaka leo. Vigawo vyenyewe alivitoa Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287. Chukua cha kwanza, toa 1, gawanya kwa 134: ni 1,445,580 kamili.

Zoezi: je, 47 ni kigawo cha 2^23 − 1?

MASWALI

Mwanachama wa Nyegezi: Shikamoo mwalimu. Kikokotoo cha simu kinaniandikia 1.4757395E20. Tarakimu nyingine zimekwenda wapi?

Marahaba. Kimekadiria. E20 maana yake zidisha kwa 10^20. Usikitumie kutafuta baki, tarakimu za mwisho zimeshapotea.

Mzazi wa Buswelu: Nimejumlisha tarakimu na kugawanya kwa 9. Vigawo vya Cole vyote vinabakiza 1, na namba kubwa pia 1. Je, huo ni uthibitisho?

Hapana, mama. Baki zisingelingana, ungejua kuna kosa. Zikilingana, kosa bado linaweza kujificha: badilisha nafasi za tarakimu mbili, jumla haibadiliki.

Mwanachama wa Igoma: Kama 67 ni tasa, kwa nini 2^67 − 1 isiwe tasa?

Kipeo kuwa tasa ni lazima, lakini hakutoshi. Tazama 11: 2^11 − 1 = 2,047, nayo ni 23 × 89.

Mwanafunzi wa Kirumba: Mwalimu, zoezi. 2^11 = 2,048, baki 27. 2^12 baki 7. 2^23: 27 × 7 = 189, baki 1. Toa 1, sifuri. 47 ni kigawo.

Sawasawa kabisa, mwanangu. Sasa gawanya 2^23 − 1, yaani 8,388,607, kwa 47, kesho uje na kigawo cha pili. Kina tarakimu 6.